Maneno Mia Sita ya Fundi Lifti

Jumatatu, 4 Machi

Tumeitwa mafundi wote kumi na mmoja kwenye chumba cha mikutano, na ovaroli zetu za grisi, tukaambiwa tukae. Hakuna aliyekaa. Viti vile vimefunikwa kitambaa cheupe.

Meneja akatangaza kwamba kampuni imepata wamiliki wapya, na wamiliki wapya wanataka mafundi wenye Kiingereza cha ngazi ya juu, kwa sababu lifti mpya zinakuja na vitabu vyake na vitabu haviji na mkalimani. Kila mtu akapewa kijitabu cha maneno mia sita. Mtihani ni Ijumaa ya mwisho ya Mei. Atakayepata chini ya sabini kwa mia atashushwa kuwa fundi msaidizi: atabeba mfuko wa vifaa, na hataruhusiwa kutia sahihi kwenye daftari la lifti yoyote.

Nina miaka hamsini na mbili. Ishirini na sita kati ya hiyo nimeimaliza kwenye mashimo ya lifti. Nimewahi kumtoa mama mjamzito kati ya ghorofa ya nne na ya tano, mtoto yuko njiani. Hakuniuliza 'albeit' maana yake nini.

Kijitabu kimeandaliwa na mhandisi aliyeletwa kutoka ofisi kuu, mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, anayeongea kama anasoma taarifa ya habari. Kabla hatujafika chini ya ngazi mafundi walishampa jina: Kamusi. Ametushauri kila mmoja aandike shajara kwa Kiingereza, ili tuzoee. Basi. Daftari nimelinunua. Kiingereza sijakinunua.

Mvua imeanza leo.

Jumanne, 5 Machi

Mke wangu amecheka mpaka akashika ukuta. "Baba watoto, mwalimu analala chumba cha pili, wewe unahangaika na nini?"

Mwalimu anayemsema ni mama yake. Alifundisha Kiingereza miaka thelathini na moja akastaafu, na tangu alipopasuliwa goti mwaka jana anakaa kwetu. Mke wangu haoni tatizo. Mimi naliona. Huyu ni mkwe. Nikikutana naye koridoni najibana ukutani apite. Sijawahi kupandisha sauti mbele yake, hata kupiga chafya napunguza. Leo nimwendee nimwambie, mama, hebu niite mjinga?

Nitasoma mwenyewe.

Alhamisi, 7 Machi

Nimesoma mwenyewe. Maneno ishirini kwa siku mbili. Asubuhi nimeyakumbuka matatu, na moja kati ya hayo nililijua tangu shule.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeshikwa. Nilikuwa naoga huku nakariri 'ambiguous', nikasikia mlango unagongwa kwa fimbo ya kutembelea.

"Mkwe wangu, samahani. Hilo neno likitamkwa hivyo litakufa."

Nikabaki na povu kichwani. Nikasema, "Ndiyo, mama."

Jioni akanikuta mezani, akavuta kiti, akaweka kamusi yake iliyoshonwa mgongo kwa uzi. Ametoa masharti: kila siku saa kumi na moja jioni, maneno kumi, imla, na kila neno litungiwe sentensi. Nikamwambia kazi yangu haina saa. Akanitazama kama natafuna darasani.

Jumatano, 13 Machi

Nne kwa kumi.

Jumamosi, 16 Machi

Tatu kwa kumi. Mke wangu alikuwa anapita na ndoo ya nguo, nikamwona anakaza midomo asicheke.

Lililoniudhi zaidi ni 'arduous'. Nilitunga sentensi kwamba kubadilisha kamba za lifti ni kazi 'arduous', yaani ngumu. Mama mkwe akaikata: eti nimeandika 'rope' bila wingi. Miaka ishirini na sita nabeba kamba hizo begani, yeye anaona 's' haipo.

"Mama," nikasema, "lakini maana si imefika?"

"Imefika inachechemea," akasema. "Andika tena."

Nimeandika tena. Kama angekuwa mtu mwingine ningemjibu. Nimemeza.

Jumanne, 19 Machi

Maji yameingia kwenye shimo la lifti mbili. Siku nzima kuvuta maji. Jioni 'coerce', 'coherent', 'concise'. Zinafanana kama watoto pacha, na zote hazinitaki.

Jumatatu, 25 Machi

Leo Kamusi amenisahihisha mbele ya wenzangu. Niliandika kwenye ripoti kwamba mlango wa ghorofa ya pili una 'fatigue'. Akasema kwa sauti yake ya redio, "Fundi, mlango hauchoki. Chuma ndicho kinachochoka. Mlango umelegea tu."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka ili nisionekane. Kisha nikaenda chumba cha mashine, nikakaza nati ambayo haikuhitaji kukazwa.

Mtoto wa juzi. Sijamwona hata mara moja akishika spana.

Jumanne, 2 Aprili

'Contrite'. Mama mkwe amesema ni mtu aliyejuta mpaka shingo yake imekubali. Nimeipenda hiyo. Sita kwa kumi.

Jumamosi, 6 Aprili

Mvua siku ya nane mfululizo. Mke wangu amesema nimeanza kuongea Kiingereza usingizini, na kwamba nikiwa usingizini natamka vizuri kuliko nikiwa macho.

Jumamosi, 13 Aprili

Kumi kwa kumi! Mama mkwe alikunja karatasi akaiweka ndani ya kamusi yake. Nikajifanya sikuona.

Jumapili, 14 Aprili

Mbili kwa kumi.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimechoka na maneno haya. Nayaona kila mahali ambapo siyahitaji, na ninapoyahitaji yamekimbia. Mwenzangu mmoja, fundi wa milango, ameacha kusoma. Anasema akishushwa atashuka, mti hauendi kwa nyani. Nikamwambia methali hiyo haipo. Akasema hata hayo maneno ya Kamusi hayapo.

Mama mkwe naye leo alikuwa na maumivu ya goti na bado akaja mezani. Nilimwambia apumzike. Akasema, "Wewe ndiye utakayepumzika, ukishindwa."

Jumatatu, 29 Aprili

Leo nimefurahi. Naandika kwa sababu ni nadra.

Niliitwa kwenye lile jengo la ghorofa nane lenye kliniki ya macho huko juu, ghorofa ya saba. Lifti yake ni mpya, ya hao wamiliki wapya. Breki ya mashine ina mikono miwili, kushoto na kulia. Lifti ikisimama, mikono yote hubana gurudumu. Mkono wa kushoto ulikuwa haubani sawasawa, springi yake imelegea. Springi mpya ingechukua siku tatu kufika.

Zamani ningefunga lifti papo hapo. Lakini msimamizi wa kliniki alikuwa ananifuata kama kivuli. "Fundi, nina wazee hapa wamefungwa macho bendeji, watashukaje ngazi saba?" Nikafungua kitabu cha mashine, na kwa mara ya kwanza sikumpigia mtu simu. Nikasoma mwenyewe. Kiliandika kwamba kila mkono wa breki ni 'redundant'.

Neno hilo nililifanya Alhamisi iliyopita! 'Redundant': kilichozidi, kisichohitajika. Nilipata alama. Nikalitazama kwenye ukurasa kama mtu aliyekutana na jirani yake ugenini. Kwa hiyo mkono wa kushoto umezidi tu. Wa kulia unatosha. Nikaagiza springi, nikaandika kwenye daftari la lifti kwamba mkono wa kushoto umelegea na si wa lazima, nikatia sahihi, nikaiacha lifti ifanye kazi.

Nimemsimulia mama mkwe jioni. Akasema, "Unaona sasa?" Mke wangu akaniongezea chai bila kuombwa.

Jumatano, 1 Mei

Sikukuu. Mvua kubwa kuliko zote za msimu huu. Paa la jirani limeng'oka pembe moja.

Alhamisi, 2 Mei

Sijui nianzie wapi. Nianze na simu.

Saa tatu asubuhi msimamizi wa kliniki alipiga, hasemi vizuri. Nilichoelewa ni "lifti" na "mtu". Nilikimbia. Nilipofika, mwanamke anayefanya usafi jengo lile alikuwa amekaa sakafuni ghorofa ya saba, mgongo ukutani, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Alikuwa anarudia, "Ilipanda yenyewe. Ilipanda yenyewe."

Alikuwa anatoka kwenye lifti kinyumenyume, anavuta ndoo yake ya maji. Mguu mmoja ulishatoka. Mlango ukiwa wazi, lifti ikaanza kupanda, ikivutwa na uzito wa mizani wa upande wa pili wa kamba. Akajitupa nyuma. Kiatu kikabaki ndani. Ndoo ikateleza kwenye uwazi uliobaki chini ya lifti, ikaenda shimoni ghorofa saba. Lifti ilipanda mita moja na nusu kabla kifaa cha usalama hakijaibana.

Nilipanda chumba cha mashine. Maji ya mvua ya jana yalikuwa yamepenya paa, yakakokota mafuta ya mashine, yakamwagikia mkono wa kulia. Ule "unaotosha". Ulikuwa unateleza kama samaki. Na mkono wa kushoto, kwa springi yake iliyolegea, ulikuwa unalitazama tu gurudumu.

Nikakaa juu ya ngazi ya chuma.

Kamusi alikuja. Alishuka mpaka shimoni kwa miguu yake, akaingia kwenye maji ya magotini na viatu vyake vya ofisini, akatazama, akapanda tena mpaka juu kabisa, akapima mikono yote miwili. Anashika spana vizuri. Nilikuwa sijui. Kisha akafungua daftari la lifti, akasoma sahihi yangu.

"Fundi, kwa nini uliiacha?"

Nikamfungulia kitabu cha mashine, nikaweka kidole kwenye neno. Nikasema, "Imeandikwa haihitajiki."

Alisoma. Maji yalikuwa bado yanadondoka paani.

"Mtaani ndivyo," akasema polepole. "Kazini kwetu sivyo. Kwenye vitabu hivi, 'redundant' ni ya akiba. Ipo ili mwenzake akishindwa, yeye ashike. Kwa hiyo zote mbili lazima ziwe nzima kila siku. Ndiyo maana waliweka mbili."

"Mbona kwenye orodha yako…"

"Najua kilichoko kwenye orodha yangu," akasema. "Niliitoa kwenye mtandao. Ni ya vijana wanaoomba kuingia vyuo. Nilipewa siku mbili niitengeneze, nikaona maneno ni maneno." Akafuta mikono kwenye sketi, akaiacha na alama nyeusi. "Haina hata neno moja la lifti."

Nilishuka shimoni kuokota ndoo. Ilikuwa vipande kumi na saba. Nilimrudishia yule mama kiatu chake. Akaniambia "asante, fundi," na asante hiyo imenichoma kuliko tusi.

Sasa la nyumbani, ambalo ni langu peke yangu.

Nilifika saa kumi na moja kasoro. Mama mkwe alikuwa ameshakaa, kamusi mbele yake, penseli imechongwa. Akasema, "Umewahi leo. Tuanze na 'scrupulous'."

Na mimi, ambaye nilikuwa nabana chafya mbele yake, nikapiga kelele. Nikasema amenifundisha uongo. Nikasema angeua mtu kwa Kiingereza chake cha enzi za wino na kidau. Nikalitupa daftari la imla. Likakigonga kikombe chake, kikaanguka.

Hakushtuka. Alisubiri nimalize. Akauliza, "Neno gani?"

Nikamwambia. Akafunua kamusi, akalitafuta, akaligeuza upande wangu. "Isiyohitajika. Iliyozidi. Ndivyo nilivyokufundisha, na ndivyo ilivyo hapa. Lifti hukuniambia." Kisha akainuka kwa fimbo yake. Mlangoni akasema bila kugeuka, "Miaka thelathini na moja. Watoto wa watu walinirushia karatasi, walinirushia chaki. Daftari, hakuna."

Mke wangu aliokota vipande vya kikombe. Hakunitazama.

Ijumaa, 3 Mei

Nimesalimia. Nimeitikiwa. Basi.

Jumamosi, 4 Mei

Shemeji yangu amekuja na gari kumchukua mama yake. Hakuuliza kitu, ina maana alishaambiwa. Nilibeba sanduku mpaka garini, hakuna aliyenizuia, hakuna aliyenishukuru. Kamusi yake iliyoshonwa aliipakata mwenyewe.

Jumapili, 5 Mei

Mvua. Mke wangu amepika, amepakua, ameketi chumba kingine.

Jumanne, 7 Mei

Saa kumi na moja jioni nimejikuta nimekaa mezani. Nikajisomea maneno kumi. Hakuna wa kunikata alama, na ndipo nilipojua kwamba sijui nimekosea wapi.

Jumatano, 8 Mei

Meneja ameniita. Kamusi alikuwepo, amekaa pembeni. Ofisi kuu wanataka maelezo ya tukio kwa Kiingereza, na sahihi yangu chini.

Meneja si mtu mbaya. Alisogeza kiti chake karibu na changu, akaongea kama ndugu. "Fundi, hili jambo ni la mvua. Paa limevuja. Wewe andika kwamba mkono wa kushoto uliachwa 'inadvertently'. Neno zuri, limo kwenye orodha. Yataisha."

Nalijua neno hilo. Nilipata alama ya 'inadvertently' mwezi uliopita, na sentensi yangu ilikuwa ya mtu aliyekanyaga mguu wa mwenzake gizani. Mtu wa 'inadvertently' ni mtu ambaye hakuona. Mimi niliona. Nilisimama mbele ya mkono ule, nikaugusa, nikaamua. Kama nisingejua neno hilo maana yake ningeliandika, nikatia sahihi, na nikalala.

Nikasema, "Meneja, hilo neno silo."

"Silo kivipi?"

"Ni la mtu ambaye hakukusudia. Mimi nilikusudia kuiacha. Nilikosea kuelewa, lakini kuiacha nilikusudia."

Akamtazama Kamusi, nadhani akitarajia msaada. Kamusi akasema, "Yuko sahihi. Silo."

Meneja akainua mikono. "Haya. Andikeni mtakavyo. Lakini nisije nikasikia mtu analia."

Nimeandika ukurasa mmoja kwa saa tatu. Nimetumia 'deliberately', kwa kukusudia. Nilipomaliza, Kamusi akachukua kalamu akaongeza aya yake chini: kwamba orodha ni yake, na haikufaa. Hakuna aliyemlazimisha. Nilimtazama akiandika. Nilikuwa nimemweka kwenye kabati moja na watu wanaojua kusema tu.

Tulipotoka nikamwambia, "Mhandisi, ungenyamaza wewe wangekuacha."

Akasema, "Usiniongeleshe, fundi. Nitarudi nikaifute ile aya."

Ijumaa, 10 Mei

Springi ya siku tatu imefika siku ya kumi na moja. Nimeifunga mimi, Kamusi amepima. Yule mama wa usafi amekataa kupanda. Anatumia ngazi, saba, na ndoo mpya.

Jumapili, 12 Mei

Mke wangu aliniambia asubuhi, na hayo ndiyo maneno yake ya kwanza marefu tangu siku ile: "Utaenda leo au unangoja mvua ikatike?"

Tulikwenda. Shemeji alitufungulia, akanielekeza sebuleni, kisha yeye na dada yake wakatoweka jikoni kama waliopanga. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti, goti limeinuliwa juu ya mto.

Nilikaa chini. Nikasema nimekuja kuomba radhi. Nikasema nilikosa adabu, kwamba kosa lilikuwa langu na nililileta nyumbani kumtwika yeye, kwa sababu yeye ndiye asiyeweza kunifukuza kazi.

Mvua ilikuwa inapiga bati. Kisha akasema, "Kwa Kiingereza."

"Mama?"

"Nimesema kwa Kiingereza. Ulinitukana kwa neno langu, uniombe radhi kwa neno langu."

Nakiri nilipandwa na hasira. Mzee mzima nimekaa sakafuni, nguo zimelowa, napewa imla. Lakini nilipolitafuta neno likaja lenyewe, na nilipolitamka shingo yangu ilikuwa imeshainama. Nikasema mimi ni 'contrite'.

"Mkazo uko mwanzoni," akasema.

Nikarudia.

"Tena."

Nikarudia mara ya tatu. Akatazama dirishani muda mrefu. Aliponigeukia macho yake yalikuwa na maji, na akakasirika kwamba nimeyaona.

"Haya, inuka, utanilowanishia zulia. Na hilo neno 'redundant' unieleze vizuri, huo mkono wa breki unafanyaje. Kamusi yangu haina. Nataka niiandike pembeni."

Nikamchorea mashine ya lifti nyuma ya bahasha. Aliuliza maswali kuliko mkaguzi. Tulirudi naye nyumbani jioni ile ile kwa gari la shemeji, yeye mbele, mimi nyuma na sanduku mapajani.

Jumatatu, 20 Mei

Nane kwa kumi. Mvua inapungua. Tumebakiza herufi ya U.

Jumatatu, 27 Mei

Tano kwa kumi! Siku nne kabla! Nimetembea mpaka mwisho wa barabara nikarudi, ili nisiongee.

Ijumaa, 31 Mei

Mtihani. Maswali mia moja, kila moja majibu manne, unaweka alama kwenye moja. Fundi wa milango alimaliza kwa dakika kumi na kutoka akipiga mluzi.

Swali la sabini na mbili lilikuwa 'redundant'. Hakuna jibu la akiba. Lililopo ni "isiyohitajika", na ndilo wanalolitaka. Nilikaa na swali hilo peke yake kama robo saa, kalamu imelowa jasho. Mwishoni nikaweka alama kwenye jibu lao, kisha nikaandika pembeni, kwa Kiingereza, kwamba kwenye lifti sivyo. Msimamizi akasema hairuhusiwi kuandika pembeni. Nikamwambia nimeshaandika.

Ijumaa, 7 Juni

Bahasha mbili kwa siku moja.

Ya kwanza: nimepata sabini na tisa. Ni wa tatu kati ya kumi na mmoja. Wenzangu walinipiga mgongoni mpaka nikakohoa.

Ya pili ilitoka ofisi kuu. Kwa mujibu wa maelezo niliyotia sahihi mwenyewe, nimeshushwa kuwa fundi msaidizi kwa mwaka mmoja. Sitatia sahihi kwenye daftari lolote la lifti. Kamusi amepewa onyo la maandishi, na ndiye atakayetia sahihi kazi zangu.

Barua ilikuwa ya kurasa mbili. Niliisoma nimesimama koridoni, mwanzo mpaka mwisho, maneno yote nayajua. Hilo nalo ni la kuudhi. Kama ningefeli mtihani ningeshushwa. Nimefaulu, nimeshushwa. Maneno mia sita, miezi mitatu, na nimerudi nilipotishiwa kupelekwa siku ya kwanza.

Nyumbani nimewasomea. Nilikuwa nasoma Kiingereza, namgeuzia mke wangu kwa Kiswahili. Nilipofika kwenye "mwaka mmoja" mke wangu akasema, "Wendawazimu hao," akaenda kusimama uani. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho.

"Ungeandika lile neno alilokupa meneja," akauliza, "wangekushusha?"

"Nadhani hapana, mama."

Akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama anayehesabu. "Sawa," akasema. "Sawa." Kisha akanisogezea sahani yake ya chakula, ambayo hakuwa ameigusa, na ya kwangu nilikuwa nimeshaimaliza bila kujua.

Jumatatu, 10 Juni

Jua. Kweli kweli.

Siku ya kwanza ya usaidizi. Nimebeba mfuko wa vifaa nyuma ya Kamusi kwenye jengo la ofisi la ghorofa kumi na mbili. Mlinzi wa mlangoni, anayenijua miaka, akanipisha mimi kwanza. Nikamwonyesha kwa macho kwamba mkubwa ni yule. Akachanganyikiwa. Sikumweleza.

Wapangaji wanalalamika kwamba lifti ina sauti. Kamusi alipima mota, akapima kamba, kila kipimo sawa. Akafunga kompyuta yake, akanigeukia. "Fundi, mimi sisikii kitu. Wewe unasikia nini?"

Nikaweka kiganja kwenye mashine, nikafumba macho. Nikamwambia apandishe lifti tupu, kisha aishushe na watu. Mara ya nne nikaipata. Beringi ya nyuma.

"Inaguna," nikasema.

"Inalia?"

"Hailii. Ikilia kila mtu atasikia."

"Inakoroma?"

"Haikoromi, mhandisi. Inaguna. Ukiipa mzigo tu, inaguna."

Akashika kalamu juu ya daftari la lifti, akajaribu neno moja la Kiingereza, akalifuta, akajaribu jingine. Nami nikamtafutia kwenye mia sita zangu, hakuna. Mwishoni akaandika kwa herufi kubwa, kwenye mstari wa hitilafu, INAGUNA, akatia sahihi yake. Akapiga picha ukurasa akautuma ofisi kuu, kama taratibu zinavyotaka.

Saa nane mchana ofisi kuu wakapiga simu kuuliza ni kitu gani hicho. Kamusi akasikiliza, akanipa simu. "Ongea nao. Neno ni lako."

Nimeongea nao kwa Kiingereza dakika kumi na mbili. Nimewaambia ni sauti ya chini, inayotoka mdomo ukiwa umefungwa. Nimewaambia ni ya mtu aliyepewa kazi asiyoipenda, hataki kugoma na hataki kunyamaza. Nimetumia 'reluctant', nimetumia 'discontent', nimetumia hata 'albeit', ile ya 'ingawa', na ilikaa mahali pake. Mtu wa upande wa pili akauliza kama ningeweza kuieleza kwa neno moja.

Nikamwambia nimeshalieleza kwa neno moja, na liko kwenye daftari. Waje waweke mkono wao juu ya mashine. Wanakuja Alhamisi.